Yaya, gitare iko wapi?

Maswali ya wasomaji: muziki

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja. Mwimbaji wa Lubumbashi aliyejulikana kwa gitaa kavu (lisilo la umeme) na sauti yake tu, anayetoa nyimbo zake mwenyewe bila kampuni, anaachia wimbo wa pop wenye ngoma za kompyuta, na waliompenda tangu mwanzo wananuna. Wameandika waimbaji wenyewe, wameandika mashabiki, ameandika na mpiga besi mmoja. Tumechagua barua tano, tumezifupisha, majina tumeyaacha.

SWALI. Naimba na gitaa kwa mtindo wa vidole viwili wa wazee wetu wa Katanga. Nimetoa nyimbo tisa kwa nguvu zangu. Mtengeneza biti mmoja wa Kampemba amechukua wimbo wangu mmoja akaufanya pop: ulikuwa mapigo 88 kwa dakika, ameupeleka 112. Vijana wanaucheza. Lakini wasikilizaji wangu wa zamani wananiandikia neno moja tu: "Yaya, gitare iko wapi?" (yaani: ndugu mkubwa, gitaa liko wapi?) Gitaa limo, nimelipiga mwenyewe. Mbona hawalisikii? (Mwimbaji, Katuba)

JIBU. Hawalisikii kwa sababu limefunikwa, na mahali lilipofunikwa panajulikana.

Katika mtindo wako kidole gumba ndicho besi, na kidole cha shahada ndicho kinachoimba juu. Waya wako mnene kabisa, ukiachwa wazi, unatoa noti ya hezi 82 (hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde; ikiwa michache, sauti ni nene). Unaoufuata, hezi 110. Huko huko ndiko zinakokaa kiki, yaani ngoma nene ya chini, na besi ya kompyuta. Mtengeneza biti akisikia vurugu huko chini hukata gitaa, mara nyingi kila kitu kilicho chini ya hezi 200 au 250, kwa kuwa amezoea magitaa ya pop yanayokwangua kodi tu (noti kadhaa zikilia pamoja), na gitaa la namna hiyo halipungukiwi kitu likikatwa. Lako linapungukiwa. Amekata mzizi wa kidole gumba, na kidole cha shahada kimebaki kinacheza peke yake kama mtu anayejibu maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Rudini studio, mfungue faili la wimbo, mzime besi ya kompyuta. Rudisheni gitaa, mkate chini ya hezi 70 tu, kisha msikilize baa nane (baa moja ni mapigo manne) pamoja na kiki bila kitu kingine. Ikiwa kidole gumba kinaubeba wimbo, na mara nyingi kinaubeba, basi besi ya kompyuta iingie kwenye kiitikio peke yake. Kama mwenzako anaitaka kuanzia mwanzo hadi mwisho, aiandike upya kwa kukifuata kidole gumba chako: noti zile zile, mahali pale pale. Hapo unaweza kukubali gitaa likatwe chini ya hezi 110, maana besi inasema maneno yako. Kinachoharibu ni besi yenye noti zake na kidole gumba chenye noti zake, viwili vikigombania chumba kimoja.

Jambo la pili ni gridi, yaani mistari ya mapigo kwenye kompyuta. Kompyuta inapenda kila noti ikae juu ya mstari wake sawasawa. Vidole vyako havikai hivyo. Kidole cha shahada huchelewa kidogo, na kule kuchelewa ndiko kunakomfanya mtu atikise bega. Gitaa likinyooshwa kwenye gridi, linakufa hata kama sauti yake iko juu. Fanyeni kinyume: rekodi baa nane za gitaa kwanza, halafu mtengeneza biti achote mwendo wake na kuuvalisha kwenye hai-hati na snea, yaani matoazi na ngoma kali. Programu ya Ableton Live, kwa mfano, inaweza kuchota mwendo wa rekodi moja na kuupa nyingine. Kiki aiache kwenye gridi, hiyo haina ubaya.

La tatu ni maneno. Mstari wa baa mbili kwa mapigo 88 ulikuwa na sekunde 5.5, kwa 112 una 4.3. Silabi ni zile zile, nafasi imepungua. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "ninakukumbuka" inakaa vizuri pigo likiangukia "mbu". Ukibanwa, pigo linaangukia "ka", na msikilizaji anasikia mtu anayesoma lugha ya kuazima. Hawezi kukueleza kasoro iko wapi, atasema tu umebadilika. Piga makofi na kutamka mstari bila muziki. Kofi likianguka pasipo pake, punguza neno: "nakukumbuka" inatosha. Ukiimba Kiluba, uangalifu uwe mara mbili, kwa sababu Kiluba ni lugha ya toni, na sauti ikipanda pale neno linaposhuka, neno linaweza kugeuka lingine.

Hapa inaingia Auto-Tune, programu ya kunyoosha sauti ya mwimbaji. Kasi yake ya kurekebisha ikiwekwa 0, kila noti inarukia mahali pake papo hapo na ile miteremko yenu ya sauti inafutika. Iwekeni kati ya 25 na 50 kwenye beti, chagueni skeli ya wimbo (noti zinazotumika humo tu) badala ya kuacha noti zote 12, na kama mnataka ile sauti ya chuma, iwe kwenye kiitikio tu.

Halafu jaribuni 96, 100 na 104 kabla ya kukubali 112. Hiyo 112 ni kasi ya amapiano, na wimbo wako haukuzaliwa Afrika Kusini. Sisi tungeanza na 100. Na kabla ya kurekodi tena, tyuni gitaa kwa mashine, noti ya A ikiwa hezi 440. Ukilityuni kwa sikio, kinanda cha kompyuta kitalifanya lisikike limechakaa, na mtengeneza biti ataona dawa ni kulishusha sauti.

Mwisho, sikilizeni kwa spika ya simu, maana ndiko wengi watakakousikia wimbo. Spika hiyo haitoi karibu kitu chochote cha chini kabisa, kwa hiyo besi yote mliyoigombania itatoweka na gitaa litasimama mbele. Likisikika kwenye simu na lisisikike kwenye spika kubwa, tatizo ni lile la kidole gumba.

SWALI. Kuna mwimbaji nimemfuata miaka sita, tangu akiimbia watu kumi na tano uani. Sasa anaimba kama wote wanaopigwa redioni. Nikilalamika naambiwa msanii anatafuta chakula, ninyamaze. Je, sisi benye tulimufwata tangu mwanzo hatuna haki ya kusema? (Msikilizaji, Kamalondo)

JIBU. Mnayo. Mtu aliyelipa kiingilio wakati hakuna aliyelijua jina la msanii ana haki ya kusema anachosikia. Lakini kwanza jipime unalilia nini, kwa sababu mara nyingi hasira mbili huchanganyika. Moja ni ya sikio: kitu fulani kimeondoka kwenye nyimbo. Nyingine ni ya ukaribu: alikuwa wetu, sasa ni wa kila mtu. Ya kwanza msanii anaweza kuishughulikia. Ya pili inaeleweka, na inauma kweli, ila hakuna mchanganyiko wa studio utakaoiponya.

Tukumbuke pia ule usafi tunaoulinda ulitoka wapi. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, ambayo leo ni Likasi. Gitaa moja, vidole viwili, sauti moja. Rekodi zake zilitolewa na kampuni ya Gallotone kwenye sahani za santuri na kuuzwa mbali sana na Katanga. Leo tunauita muziki wa asili. Wakati huo ulikuwa bidhaa mpya ya dukani, na gitaa lenyewe halikuwa limekaa sana mikononi mwetu. Hilo halikunyang'anyi malalamiko yako. Linakuonyesha tu kwamba duka na ubora viliwahi kukaa nyumba moja.

Wala hasira ya mashabiki si ya Lubumbashi peke yake. Mwimbaji wa Marekani Bob Dylan alizomewa kwenye tamasha la Newport tarehe 25 Julai 1965 alipopanda jukwaani na gitaa la umeme, na Mei 1966 huko Manchester mtu alimpigia kelele "Yuda!" ukumbini. Kwetu Kongo, mwimbaji Fally Ipupa alipotoa Tokooos mwaka 2017, albamu iliyoegemea pop ya kimataifa, wapenzi wengi wa rumba walinung'unika. Mwaka uliofuata akaja na Control, akairudia rumba kwa mapana. Mlango unaweza kufunguliwa pande zote mbili.

Ukitaka lalamiko lako limfikie, lipe anwani. "Umetusaliti" halina anwani. Atalisoma mara mia na hatajua afanye nini. "Wimbo wa pili, dakika ya kwanza na sekunde kumi, sauti imenyooshwa mpaka siijui" lina anwani, na mtu wa studio anaweza kwenda pale pale akageuza kitufe. Mwandikie namna hiyo, kwa ujumbe wa faragha kama unaweza. Na akiimba nyimbo za zamani, nenda ulipe kiingilio. Hesabu ya mlangoni anaisoma kila msanii.

SWALI. Wanaotaka kunisimamia wananiambia nifute nyimbo zangu za zamani mtandaoni ili sura mpya isiwachanganye watu. Nifute? (Mwimbaji, Komini Annexe)

JIBU. Usifute. Msikilizaji mpya akiupenda wimbo wa pop hurudi nyuma kutafuta zaidi. Akikuta patupu, anaondoka. Wa zamani akikuta patupu, anachukia, na safari hii ana sababu.

Kuna na hesabu. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, na usikilizwaji wake umefungwa kwenye namba hiyo. Tangu 2024 Spotify hailipi wimbo usiofikisha usikilizwaji 1,000 katika miezi 12, kwa hiyo kufuta na kupandisha upya kwa namba mpya ni kurudi sifuri. Ukilazimika kuhama msambazaji (kampuni inayokupelekea nyimbo Spotify na kwingine), tumia ISRC ile ile, faili lile lile la sauti na jina lile lile la wimbo, pandisha kwa msambazaji mpya kwanza, na uondoe kwa wa zamani baada ya kuona mpya imeonekana. Sura mpya ipe picha mpya na orodha ya nyimbo iliyopangwa upya. Inatosha.

SWALI. Mwezi ujao naachia wimbo wangu wa kwanza wa pop, kisha nina konseri ya watu 200. Naogopa kuzomewa. Nijipange vipi? (Mwimbaji, Ruashi)

JIBU. Jambo ambalo waimbaji wengi hawalifikirii ni kwamba wa kwanza kuusikia wimbo wako mpya ni watu wako wa zamani. Spotify, kwa mfano, huweka wimbo mpya kwenye orodha ya Release Radar ya wafuasi wako, mradi uwe umeupendekeza kupitia Spotify for Artists, ukurasa wake wa wasanii, angalau siku 7 kabla ya kutoka. Na wafuasi wako ni akina nani? Ni wale wa gitaa kavu. Wakiuruka katika sekunde chache, hawajauhesabisha hata mara moja, maana usikilizwaji unahesabiwa baada ya sekunde 30.

Kwa hiyo waandae wao kwanza. Mpe msambazaji faili wiki nne kabla. Wiki ya pili kabla, tengeneza wimbo huo huo kwa gitaa na sauti tu, dakika moja inatosha, uutume kwa watu wako. Wakishaujua wimbo ukiwa mwili mtupu, watautambua ukivaa nguo. Mwimbaji anayefanya kinyume, akitoa biti kwanza na gitaa miezi sita baadaye kama zawadi ya kuomba radhi, anakuwa amechelewa. Toleo zima la gitaa liachie siku hiyo hiyo ya pop au ndani ya wiki mbili, kwa ISRC yake yenyewe kwa kuwa ni rekodi nyingine.

WhatsApp ndiyo njia yako kubwa mjini. Orodha moja ya matangazo inachukua watu 256, na anayepokea ni yule tu aliyeihifadhi namba yako. Waambie hivyo mapema, wengi hulalamika hawakupata kitu kumbe hawajaihifadhi. Usitume wimbo kama ujumbe wa sauti wa kurekodi, utabanwa mpaka gitaa lisikike kama limo ndani ya debe. Tuma kama dokumenti. Wimbo wa dakika nne wa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 3.8, wa 320 ni 9.6. Fikiria mega za watu, tuma wa 128 na uweke kiungo cha ule mkubwa.

Ukishatoka, saa 48 za kwanza usijibu tusi lolote. Baadaye nakili maoni 100 kwenye daftari, uyagawe: wanaotaja kitu fulani, wanaolia kwamba umewaacha, na wapita njia. Fungu la kwanza ndilo la kufanyia kazi. Watu 15 kati ya hao 100 wakitaja kitu kimoja, kirekebishe kwenye wimbo unaofuata. Fungu la pili lijibu kwa jina, kwa heshima, kwa sentensi moja au mbili: "Asante mama, tarehe fulani naimba zile za zamani." Bila kujitetea.

Sasa konseri. Mwaka 1966 Dylan aliligawa onyesho vipande viwili: nusu ya kwanza peke yake na gitaa kavu, nusu ya pili na bendi ya umeme. Watu walitulia nusu ya kwanza, kelele zikaja nusu ya pili. Ukigawa namna hiyo unawaambia ukumbini nani ni wa upande gani. Changanya. Kwa nyimbo 14, anza na mbili za gitaa peke yake, ya tatu iwe ya zamani lakini bendi iingie katikati, ya nne mpya, ya tano ya zamani, uendelee kufuma hivyo. Wimbo wenyewe wa pop uweke wa sita au wa saba, na uuanze kwa gitaa peke yake baa nane kabla ya ngoma kuingia.

Angalia pia mlio. Gitaa kavu mbele ya spika kubwa za besi hulia lenyewe, kwa kawaida karibu na hezi 100 na tena karibu na 200, kwa sababu mwili wake unatikiswa na sauti ya ukumbi. Mwombe fundi wa sono (wa sauti) akate hezi 100 kwenye gitaa, ziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira, na usisimame mbele ya spika za besi. Fanyeni hivyo mchana, watu wakiingia haiwezekani tena.

Na umeme. Kila wimbo unaotegemea kompyuta ujifunze kuuimba bila kompyuta. Umeme ukikatika katikati ya wimbo wa pop, na ukaendelea kwa gitaa huku watu wakikupokea kiitikio, hakuna atakayekuuliza usiku huo gitare iko wapi.

SWALI. Nilipiga besi katika nyimbo zake zote za kwanza. Mstari wa besi niliotunga mimi ndio unasikika kwenye wimbo wake mpya wa pop, ila umepigwa na kompyuta. Jina langu halipo. Naye amesaini na watu waliompa avansi (fedha ya kutangulizwa) ya dola 3,000. Nidai nini? (Mpiga besi, Komini ya Kenya, Lubumbashi)

JIBU. Yaya, tenganisha vitu viwili: rekodi na utunzi. Kama wangechukua rekodi yako ya zamani na kuikata, ungekuwa na dai la mpigaji. Hawakuichukua, wameipiga upya, kwa hiyo upande wa rekodi huna kitu. Upande wa utunzi unaweza kuwa nacho, ikiwa mstari huo ni ubunifu wako unaotambulika na si noti mbili za mzizi ambazo mpiga besi yeyote angezipiga hapo. Jaribio rahisi: uimbe mdomoni bila maneno kwa watu watatu wanaoujua wimbo. Wakiutaja wimbo, una hoja.

Avansi iache. Hiyo ni deni. Kama mkataba unampa asilimia 20 ya mapato, wimbo lazima uingize dola 15,000 ndipo sehemu yake ilipe zile 3,000; na kama wamemwandikia na video ya dola 2,000 juu yake, lazima zifike 25,000. Kabla ya hapo yeye hapati hata faranga ya mauzo. Ukidai sehemu ya avansi unadai sehemu ya deni la ndugu yako. Dai asilimia ya utunzi, na muulize kama mkataba wake umeacha haki za utunzi nje. Kama umezimeza nazo, huo ni msiba wenu wote wawili, na inafaa wakili ausome kabla hajasaini wimbo wa pili.

Hapa kwetu haki hizo zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi na haki zinazofuatana nazo, na nyimbo hutangazwa SOCODA, shirika la haki za watunzi. Hesabu ya kawaida ni nusu kwa maneno na nusu kwa muziki. Mstari wa besi unaotambulika unaweza kupewa 10 kati ya 100 bila ugomvi. Usianze na 50, utafunga mlango.

Kusanya ushahidi kabla ya kumpigia: rekodi za mazoezi zilizomo kwenye simu, jumbe za sauti za WhatsApp zenye tarehe, video za uani. Ziweke kwenye kadi nyingine, simu huibiwa. Kisha mkae chini wawili, bila watu wa kampuni, mwandike karatasi moja: jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya waliotunga, nani alifanya nini, asilimia zinazojumlika 100, sahihi za wote. Nakala mbili, moja kwako. Na mkishamaliza huo wa pop, chukueni karatasi nyingine mwandike za zile nyimbo za zamani, maana bila shaka hizo nazo hamkuziandika.